Sifa na Ila za Mashine Itungayo

Kila chombo alichokibuni binadamu kilikuja kuongeza nguvu mahali ambapo nguvu zake zilipungua. Jembe liliongeza nguvu za mkono, baiskeli ikaongeza mwendo wa mguu, miwani ikaongeza uwezo wa jicho, na kalamu ikawa ghala ya kumbukumbu. Vyombo hivyo vyote vilikuwa na adabu moja: vilimngoja mwenyewe. Jembe halikulima mpaka mtu aliposhika mpini, wala kalamu haikuandika neno ambalo mwandishi hakulifikiri. Lakini katika siku zetu kimezuka chombo cha namna nyingine. Ukikiamuru kitunge shairi, kinatunga. Ukikitaka kichore mnazi ufukweni wakati wa magharibi, kinachora. Ukikiomba wimbo, kinaleta sauti na ala pamoja. Kazi ambayo watu waliidhania kuwa ya roho ya mtu peke yake sasa inafanywa na mashine kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha chai.

Jambo kubwa kama hili haliwezi kupita bila ya kugawanya watu. Wako wanaolisifu kupita kiasi, na wako wanaolilaani kupita kiasi. Kusifu na kulaani ni kazi nyepesi. Kupima ndiyo kazi nzito. Nia ya insha hii ni kuweka sifa za mashine hii katika kitanga kimoja cha mizani, na ila zake katika kitanga cha pili, kisha tutazame, wewe msomaji na mimi, mizani inaelemea wapi na kwa sababu gani. Nakuomba usiharakishe hukumu, maana jambo hili linakuhusu wewe zaidi kuliko linavyonihusu mimi. Mimi nilijifunza kuandika kabla mashine hii haijatoka. Wewe unajifunza nayo ikiwa karibu ya mkono wako.

Kwanza tujue tunazungumza juu ya nini. Akili ya mashine hii Wakenya wengi huiita akili bandia. Wengine huiita akili unde, na jirani zetu wa Tanzania husema akili mnemba. Programu zake za kutunga zilianza kuenea mikononi mwa watu wa kawaida mwaka 2022. Katikati ya mwaka huo zilitoka programu za kuchora, kama vile Midjourney na Stable Diffusion, na tarehe 30 Novemba ikatoka ChatGPT, ambayo huandika. Namna zinavyofanya kazi si uchawi. Mashine ya kuandika imelishwa maandishi mengi mno, ambayo mtu mmoja hangeweza kuyamaliza hata angaliishi mara elfu, nayo ikajifunza ni neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiiuliza swali, hutoa neno moja baada ya jingine, kila neno likichaguliwa kwa kadiri linavyoelekea kufaa mahali pale. Mashine ya kuchora nayo imeonyeshwa picha nyingi mno pamoja na maelezo yake. Huanza na vumbi la nukta zisizo na maana, kisha hulipangusa kidogo kidogo mpaka ikatokea picha inayolingana na maneno yako. Basi mashine haijapata kuona mnazi wala kusikia upepo wa bahari. Ilichoona ni picha za watu waliouona mnazi, na ilichosoma ni maneno ya watu waliousikia upepo.

Hofu ya vyombo vipya si ngeni. Mwanafalsafa Plato wa Ugiriki, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisimulia katika kitabu chake kiitwacho Phaedrus kisa cha mfalme wa Misri aliyeletewa sanaa ya kuandika. Aliyeileta aliisifu kuwa ni dawa ya kumbukumbu. Mfalme akaikataa sifa hiyo, akasema kwamba watu wakitegemea maandishi wataacha kutumia kumbukumbu zao wenyewe, na watakuwa na sura ya elimu bila ya elimu yenyewe. Vivyo hivyo, kamera ya Daguerre ilipotangazwa mjini Paris mwaka 1839, walikuwapo waliodhani kuwa siku za wachoraji zimekwisha.

Wengi wakisikia visa hivi hucheka na kusema: watu waliogopa kuandika, wakaogopa na kamera, na dunia haikuanguka, basi nasi tusiogope. Hoja hiyo yapendeza masikioni, lakini haina miguu. Mfalme yule hakukosea kabisa. Watu waliojua kusoma waliacha kweli kuhifadhi vichwani tungo ndefu ambazo wazee wao walizihifadhi. Kitu kilipotea, ingawa kilichopatikana kilikuwa kikubwa zaidi. Kamera nayo iliwanyima riziki wachoraji waliokula kwa kuchora sura za watu, lakini iliwaacha wengine huru kuchora yale ambayo kamera haikuyaweza. Mwaka 1874 kundi la wachoraji wa namna hiyo lilifanya maonyesho yake ya kwanza mjini Paris, na mahali pa maonyesho palikuwa chumba kilichokuwa zamani studio ya mpiga picha Nadar. Chombo kipya, basi, hakiji mikono mitupu wala hakiondoki mikono mitupu. Swali la mtu mwenye busara si kwamba tuogope au tusiogope. Ni hili: kimeleta nini, kinachukua nini, na je, kinachochukuliwa ni kitu tunachoweza kuishi bila nacho?

Tuanze na sifa, maana ni dhuluma kutaja ila za mtu kabla ya wema wake. Mwimbaji wa Marekani Randy Travis alipatwa na kiharusi mwaka 2013, akapoteza uwezo wa kuimba kama zamani. Mwaka 2024 ulitoka wimbo mpya wenye sauti yake. Mwimbaji mwingine aliuimba kwanza, kisha akili bandia iliyofunzwa kwa nyimbo za zamani za Travis ikaigeuza sauti ile ikawa ya Travis, naye mwenyewe akiridhia. Kadhalika John Lennon wa kundi la Beatles, aliyeuawa mwaka 1980, aliacha wimbo katika kanda hafifu, sauti yake ikiwa imefunikwa na kinanda na mvumo. Wenzake walijaribu kuukamilisha katika miaka ya 1990 wakashindwa. Baadaye mashine ikaweza kuitenga sauti na mvumo, na mwaka 2023 wimbo huo, uitwao "Now and Then", ukatolewa. Nani atakayesema kuwa chombo kilichomrudishia mtu sauti iliyonyamazishwa na maradhi, au kanda mbovu, kimefanya uovu?

Sifa ya pili ni kwamba mashine hii haimtazami mtu mfukoni. Zamani kikundi cha akina mama wanaosuka vyondo, kikitaka picha ya tangazo, hakikuwa na budi kumlipa mchoraji au kukaa bila tangazo. Mwanafunzi mwenye kisa kizuri kichwani na mkono usiojua kuchora hakuweza kukiona kisa chake kikiwa na sura. Leo wote wawili wanaweza, mradi wana simu na mtandao. Na tusisahau kwamba "mradi" huo bado ni mlima kwa nyumba nyingi za nchi yetu.

Sifa ya tatu ni subira. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 50 hawezi kumsomea kila mmoja rasimu yake mara tatu. Mashine haichoki. Ukiiomba ikuonyeshe mahali hoja yako ilipolegea, itakujibu mara ya kwanza na mara ya kumi bila ya kununa. Sifa ya nne ni kwamba huondoa sulubu isiyo na funzo: kufuta mandhari ya nyuma katika picha mia moja, kusafisha kelele katika sauti iliyorekodiwa sokoni, au kunakili mahojiano ya saa mbili neno kwa neno.

Zitazame tena sifa hizo, utaona zinashirikiana katika jambo moja. Katika kila moja yuko mtu aliyekuwa na lake kabla hajaishika mashine. Lennon alikwisha kutunga. Travis alikwisha kuimba miaka mingi. Akina mama walikwisha kusuka. Mwanafunzi alikwisha kuandika rasimu yake au kukiwaza kisa chake. Mashine iliwakuta njiani ikawatua mzigo. Haikuwachagulia waendako.

Sasa tugeukie ila. Ya kwanza ni kwamba mashine husema uongo kwa ulimi mtamu. Haikusudii kudanganya, kwa kuwa haina makusudi. Lakini kazi yake ni kutafuta neno linaloelekea kufaa, na linaloelekea kufaa si lazima liwe kweli. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazijapata kuwako. ChatGPT ilizibuni, nao hawakuzichunguza. Jaji akawatoza, pamoja na kampuni yao, faini ya dola 5,000. Ikiwa watu wa sheria walinaswa hivyo, sembuse mwanafunzi anayeiuliza mashine habari za mhusika wa riwaya asiyoisoma? Ataletewa maelezo yenye ufasaha mwingi, na huenda akaletewa mhusika ambaye hayumo kitabuni.

Ila ya pili imo katika asili ya utajiri wake. Picha na maneno yaliyoifunza mashine yalikuwa na wenyewe, na wengi wao hawakuombwa ruhusa. Mkusanyo mmoja wa wazi, uitwao LAION-5B, ambao sehemu zake zilitumika kuifunza mashine ya kuchora ya Stable Diffusion, ulikuwa na jozi zaidi ya bilioni 5 za picha na maelezo kutoka katika intaneti. Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic, itengenezayo mashine iitwayo Claude, ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi ambao vitabu vyao vilipakuliwa kutoka hazina za nakala za wizi. Jaji wa kesi hiyo alikuwa ameamua kwamba kuifunza mashine kwa vitabu kulikubalika katika sheria ya Marekani, lakini kujiwekea nakala za wizi hakukukubalika. Mahakama zitaendelea kubishana juu ya mipaka. Dhamiri haihitaji kungoja mahakama ili ijue kwamba embe lililookotwa lilianguka kutoka mti wenye mwenyewe.

Nasi Wakenya tumo katika hesabu hiyo. Mwezi wa Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza kwamba wafanyakazi wa hapa Kenya, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome na kupanga maandishi ya ukatili na unyanyasaji, mashine ipate kufunzwa kuyatambua na kuyaepuka. Baadhi yao walisema kuwa kazi hiyo iliwaumiza nafsi. Mtu anapostaajabia adabu ya mashine katika mazungumzo, na akumbuke kwamba kabla yake kuna mtu aliyesoma machafu ili yeye asiyasome.

Ila ya tatu ni kufanana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Science Advances uliwapa watu karibu 300 kazi ya kutunga hadithi fupi, wengine wakipewa mawazo na mashine na wengine wakijitegemea. Waliozisoma hadithi hizo waliona kuwa zilizosaidiwa zilikuwa bora, hasa za wale ambao kwa kawaida si hodari wa kubuni. Lakini zilifanana zenyewe kwa zenyewe kuliko hadithi za waliojitegemea. Yaani kila mmoja alipata kidogo, na wote kwa jumla wakapoteza. Hasara hii yatuelemea sisi wa Kiswahili zaidi. Maandishi yaliyo katika intaneti kwa lugha yetu hayafiki hata sehemu moja katika mia, na yale ya Kiingereza ni mengi kupindukia. Mashine iliyonyonya maziwa hayo yaweza kukuandikia Kiswahili ambacho maneno yake ni yetu na mifupa yake ni ya kigeni. Iombe kisa cha kijijini kwenu, na huenda ikakuletea kijiji kisicho na jina, bibi mwenye busara chini ya mbuyu, na jua linalotua. Hata kama wewe ulizaliwa Kisii, kwenye migomba na mvua ya alasiri, na bibi yako ni mwepesi wa hasira na ni bingwa wa kupatana bei.

Ila hizo tatu zaweza kupungua. Mashine yaweza kusahihishwa isidanganye sana, wenye kazi zao waweza kulipwa, na Kiswahili chaweza kuongezwa katika chakula chake. Nimeziacha nyuma kwa makusudi ili tuifikie ya nne, ambayo haitapungua kwa mashine kuwa bora, bali itazidi. Ili tuione vizuri, twende kidogo Iten.

Mji wa Iten uko katika Kaunti ya Elgeyo-Marakwet, juu kabisa ya ukingo wa Bonde la Kerio, nao unajulikana duniani kwa wanariadha wake. Alfajiri utawaona wakikimbia barabarani, na magari yakiwapita. Hakuna hata mmoja anayesimamisha gari ili afike mapema. Si kwamba hawajui kuwa gari lina kasi kuliko wao, wanajua sana. Lakini hawakutoka nyumbani ili wafike mahali. Walitoka ili wakimbie, na wakirudi hawana walichobeba ila mapafu na miguu iliyo imara kidogo kuliko jana. Katika barabara iyo hiyo, mama anayempeleka mtoto mgonjwa hospitali akilikataa gari, ati kwa sababu kukimbia huujenga mwili, tutamshangaa. Barabara ni moja, gari ni moja, na hukumu ni mbili, wala hukumu hizo hazipingani. Kinachozitenga ni lile jambo lililomtoa mtu nyumbani.

Ziko, basi, kazi za kufika na ziko kazi za kukua. Katika kazi ya kufika, tunachotaka ni kitu kilicho mwisho wa njia: tangazo, kanda safi, picha ya jalada. Katika kazi ya kukua, kilicho mwisho wa njia hakina thamani kubwa. Thamani imo katika njia. Insha ya shule ni kazi ya kukua. Mwalimu wako hana njaa ya insha, anazo marobota. Insha yako juu ya umuhimu wa miti haitazuia ukame. Kinachotakiwa si karatasi, ni wewe utakayekuwa umeiandika. Unapolitafuta neno ukalikosa, ukachukua jingine ukaliona halitoshi; unapogundua katikati ya ukurasa kwamba hoja yako ya pili inaipiga hoja yako ya kwanza; unapofuta sentensi uliyoipenda kwa kuwa si kweli; hapo ndipo fikira zinapoumbwa. Wengi wetu hatujui tunachofikiri mpaka tujaribu kukisema. Mwanafunzi anayeiachia mashine kazi hiyo hupata karatasi, akapoteza kile ambacho karatasi ilikuwa njia ya kukipata. Na kadiri mashine inavyoandika vizuri zaidi, ndivyo kishawishi kinavyokuwa kikubwa na hasara inavyofichika.

Utasema kwamba katika chumba cha mtihani hakuna mashine, hivyo aliyeitegemea ataumbuka. Ni kweli, lakini mtihani ni jambo dogo. Ipo siku mtu atasimama mbele ya wazee kuitetea ardhi ya baba yake. Ipo siku atamwandikia barua rafiki aliyefiwa. Ipo siku atapaswa kumwambia mkubwa wake wa kazi ukweli unaouma, uso kwa uso. Siku hizo huja bila ya taarifa, na mtu huzikabili kwa maneno aliyoyakuza ndani yake, si kwa maneno aliyoyaazima.

Huenda ukaniuliza: mbona tunaruhusu kikokotoo katika hesabu? Swali ni zuri. Kikokotoo twakiruhusu kwa mtu aliyekwisha kujua maana ya kuzidisha na kugawanya, ili akitumie kufikia jambo kubwa zaidi. Mtoto anayeanza kuhesabu hatumpi. Twaifuata kanuni ile ile ya Iten bila ya kuitaja. Tena hesabu ya saba mara nane haina sauti ya mtu. Jibu lake ni moja kwangu na kwako. Lakini insha mbili juu ya mauti ya rafiki zikiwa na jibu moja, moja kati ya hizo haikuandikwa na rafiki.

Je, mtunzi aliyekomaa naye akatazwe? Sioni sababu. Mwaka 2024 mwandishi wa Japani Rie Kudan alipata tuzo ya Akutagawa, na akaeleza hadharani kwamba sehemu ndogo ya maneno ya riwaya yake yalitoka kwa ChatGPT, mahali ambapo mhusika anazungumza na mashine. Alijua alichokitaka, akakichukua, akasema wazi. Mwaka wa nyuma yake mpiga picha Boris Eldagsen wa Ujerumani alishinda katika mashindano ya picha ya Sony World Photography Awards, kisha akaikataa tuzo, akieleza kwamba picha yake ilitengenezwa kwa akili bandia na haikustahili kushindana na picha za kamera. Watu hawa wawili hawakufanana katika matendo, lakini walifanana katika jambo moja: hawakuficha. Anayeificha mashine katika kazi yake amekwisha kujihukumu mwenyewe, maana mtu hafichi msaada asioona haya kuupokea.

Hapo tunafikia jambo la dhamana. Mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa mtawala wa Siu katika visiwa vya Lamu, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha, naye akiwa mgonjwa. Utendi huo umesomwa vizazi na vizazi. Leo mashine yaweza kupewa amri itunge utendi wa mama anayemwusia binti yake, wenye mizani nane na vina vinavyolingana, na huenda vina vikalingana kweli. Lakini mashine haina binti. Haiugui, haiogopi kufa kabla ya kumaliza kusema, wala haitahuzunika mawaidha yake yakipuuzwa. Neno la Mwana Kupona lina uzito kwa sababu nyuma yake amesimama mtu aliyekuwa tayari kulibeba. Nasi tunaposoma maandishi yoyote ya maana, barua au shairi au hotuba, pamoja na kuuliza kama yamepangwa vizuri, twauliza pia: nani anasema, na je, yu tayari kusimama nayo? Mashine yaweza kuyapanga maneno, haiwezi kuyadhamini. Ukitia jina lako chini ya maneno ambayo hukuyafikiri, umeidhamini mali usiyoijua.

Sasa tuiangalie mizani. Mimi sioni kwamba kitanga kimoja kimeshinda siku zote na kwa kila mtu. Naona uzito unahama kwa kadiri ya aliyeshika na anachokitafuta. Kwa hiyo sikupi hukumu, nakupa kipimo. Kabla ya kukitumia chombo hiki, jiulize kwanza: nimetoka nyumbani ili nifike, au ili nikue? Ikiwa ni kufika, panda gari bila ya aibu. Ikiwa ni kukua, kimbia. Na hata hapo waweza kumwomba mashine akutazame unavyokimbia akueleze makosa yako, mradi miguu iwe yako. Jiulize tena: je, naweza kumwambia mwalimu wangu, au msomaji wangu, namna nilivyoipata kazi hii bila ya kuinamisha macho? Na mwisho jiulize: nikikiweka chombo hiki chini, mkononi mwangu kimebaki nini? Jembe likiwekwa chini, mkulima hubaki na ujuzi wa udongo. Kalamu ikiwekwa chini, mwandishi hubaki na fikira zake. Chombo kisichobakiza kitu ila hamu ya kukishika tena kinamtumia mtu, wala si mtu anayekitumia.

Kipimo hiki hakitoshi kwa kila jambo, na sitaki kukudanganya kuwa kinatosha. Mchoraji wa mabango aliyepoteza wateja hatapata riziki kwa sababu wewe ulijiuliza maswali matatu mema. Kwa hilo yahitajika sheria, na watu kushikamana. Mfano upo: waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma tangu tarehe 2 Mei hadi tarehe 27 Septemba 2023, na mkataba uliofuata ulisema kwamba mashine haihesabiwi kuwa mwandishi, na kwamba mwandishi hawezi kulazimishwa kuitumia. Hawakuiangamiza mashine, waliiwekea mipaka. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu walijua thamani ya kazi yao, na waliijua kwa kuwa walikuwa wameifanya kwa mikono yao wenyewe. Asiyewahi kuhangaika na ukurasa mtupu hatajua ni kitu gani anaombwa akiuze, wala bei yake. Kwa sababu hiyo nakuomba, msomaji, uukabili ukurasa wako mwenyewe kwanza, ukiwa ungali mwanafunzi na kosa lako halijamgharimu mtu.